Shangazi, nile kipande kimoja yaishe?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, naishi Tabata, na ni mhasibu kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Nimechumbiwa, na harusi tumeipanga mwezi wa tisa. Jambo ninalokuandikia mwanzoni niliona ni dogo, la sahani tu. Sasa limefika kwenye kikao cha kamati.

Huu ni mwaka wa tatu sili nyama. Nakula wali au ugali kwa maharage, kunde, choroko, mbaazi, mchicha, matembele, kisamvu, na matunda ya msimu. Sikuweka nadhiri. Nikienda kwa mama yangu nakula dagaa, na yai mara mojamoja nikilikuta. Ng'ombe, mbuzi na kuku sigusi kabisa. Dagaa hao ndio wanaoniponza, maana mtu akiniona nawala leo, kesho nikikataa kuku anasema najidai.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza huwa naisema. Nilipokuwa na miaka 26 nilipimwa nikakutwa presha imepanda, daktari akanishauri nipunguze chumvi, mafuta na nyama nyekundu, niongeze mboga na matunda. Nikafuata, na presha ikashuka. Ya pili siisemi. Nimekulia Vingunguti, jirani na machinjio. Usiku nilikuwa nasikia malori yanaingia na ng'ombe kutoka mnada wa Pugu, na ng'ombe wenyewe nawasikia kutoka kitandani. Nilipoambiwa nipunguze nyama nilihisi nimepewa ruhusa niliyokuwa naitaka tangu utotoni. Hili nimwambie nani? Ukimwambia mtu aliyekualika kwake, ataona unamwita katili.

Mchumba wangu ni Mchagga wa Kibosho, wazazi wake wanaishi Kimara. Mwezi wa pili alinipeleka kunitambulisha. Mama mkwe alichinja jogoo wawili, akapika mtori, wali na mchicha. Nikapakua wali na mchicha. Aliponiona, akainuka mwenyewe, akachukua paja akaniwekea kwenye sahani kwa mkono wake. Nikapata woga, nikasema, "Mama, samahani, daktari amenikataza." Sebule nzima ikanyamaza.

Wiki iliyofuata wifi akanipigia. Mama anauliza, una mimba? Nikamwambia sina. Siku tatu baadaye akapiga tena. Mama anauliza ni ugonjwa gani huo ambao mwanawe hajaambiwa. Halafu Jumapili iliyopita kikaoni mjomba wao mmoja akasimama akasema siku hizi watu wapime afya kabla ya kuchangisha, asije mtu akapelekewa mgonjwa ndani. Hakunitaja jina. Nilipanda mwendokasi Kimara hadi Ubungo nalia, nimegeukia dirishani.

Na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, bado inakuja. Kila mtu anajua siku ya harusi bibi harusi anakata ndafu, wanalishana na wakwe mbele ya kamera. Tena Desemba kuna kwenda Kibosho, ambako nasikia mbuzi wanachinjwa karibu kila siku. Kazini nako, Ijumaa wenzangu wakienda Sinza kwenye nyama choma tunachanga sawa, mimi naishia kwenye ndizi na kachumbari, wananiuliza kama nimefulia.

Mchumba wangu ananipenda na nyumbani tukiwa wawili anakula ninachopika bila neno. Ila kikaoni alikaa kimya. Usiku ule akaniambia, "Siku ya ndafu kula kipande kimoja tu yaishe." Shangazi, nile kipande kimoja yaishe?

Binti wa Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Usile. Nakujibu hilo kwanza kwa sababu ndilo uliloniuliza. Kuku uliyemkataa mwezi wa pili kwa jina la daktari, ukija kumla mbuzi mwezi wa tisa mbele ya ukumbi mzima, mama mkwe ataanza kujiuliza ni siku gani ulimdanganya. Na Desemba Kibosho watakuongezea, maana watakuwa wamekuona unakula.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikirudia naona lililowaumiza watu wa Kimara si nyama. Ni neno "daktari". Ulilitoa kwa adabu, ukidhani ni laini kuliko kusema "sili". Lakini nyumba inayojiandaa kupokea mkwe huwa na masikio mengine. Ukisema "sili", watasema una maringo, na maringo yanazoeleka. Ukisema "daktari", wanaanza kuhesabu miezi na kutaja magonjwa usiku wakiwa wamelala. Mama yule alipouliza kuhusu mimba hakuwa na ubaya. Katika mji huu binti akisukuma sahani ya nyama pembeni, wanawake wote waliopo wanamtazama tumbo. Aliposikia hakuna mimba, akabaki na lile jingine, nalo linatisha zaidi.

Kwa hiyo neno hilo lifutwe kabla ya jambo lolote, na si wewe wa kulifuta. Mchumba wako, na ninamwambia yeye pia kwa sababu natumaini utamsomea, ndiye anayetakiwa kwenda Kimara peke yake jioni moja, akae na mama yake jikoni au uani, si sebuleni mbele ya mjomba. Aseme hivi, kwa Kiswahili au kwa Kikibosho: "Mama, mwenzangu ni mzima. Nyama hali, mwaka wa tatu sasa. Alianza kwa sababu presha ilimpanda, ikashuka, na yeye akabaki hivyo. Hakuna tunachokuficha." Basi. Asiombe radhi kwa niaba yako wala asikutetee kwa maneno mengi. Mtu anayejieleza sana huonekana ana kitu. Akitoka kwa mama, ampigie mjomba pia. Mwanamume anayekula unachopika mkiwa wawili, halafu ananyamaza unaposemwa kikaoni, anakuachia mzigo ambao ni wa kwao. Mwenye mama ndiye anayesema na mama yake. Wewe ukienda kujitetea, utakuwa mkwe anayebishana kabla hajaolewa.

Kuhusu kupima afya, pimeni. Ni jambo jema kwa kila wanaooana, wote wawili, siku moja, kituo kimoja. Majibu ni yenu, hamna sababu ya kuyapeleka kwenye kamati.

Sasa lile paja. Nataka ulitazame tena, kwa sababu nadhani siku ile uliliona kama nyama tu. Mimi nimekulia nyumba ambayo firigisi ilikuwa ya baba, paja la mgeni, na shingo na miguu tukagawana watoto. Hatukuhitaji kuambiwa nani ni nani katika nyumba ile, tulikuwa tunakiona kwenye bakuli. Mama mkwe alipoinuka kwenye kiti chake akachukua paja kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa anakuambia mbele ya watoto wake: huyu ni mgeni wangu wa heshima, kesho ni binti yangu. Wewe ukajibu habari za hospitali. Yeye alibaki na paja mkononi na hakuwa na kingine cha kukupa.

Hapo ndipo penye kazi yako yote. Watu wengi walioacha nyama hujifunza kukataa vizuri. Wanatafuta maneno ya upole, wanatabasamu, wanashukuru, na bado mwenyeji anaumia, kwa sababu kukataa kwa upole bado kunamwacha mikono mitupu. Mwenyeji wako anataka kukupa. Mwombe kitu ambacho anacho na unakila, kitu anachokijua kuliko wewe, ili mkono wake upate pa kwenda.

Na wewe una bahati. Umechumbiwa na watu wa migomba. Wachagga wana mtori na machalari, ndizi za kupikwa na nyama, ndiyo, lakini wana pia kiburu, ndizi zinazopikwa na maharage mpaka zinashikana, chakula ambacho hakidai nyama. Muulize mchumba wako alilelewa na nini siku za shule. Siku mbili tatu baada ya kijana kuzungumza na mama yake, mpigie mama mwenyewe, umwambie: "Mama, naomba unifundishe kiburu. Mwanao anakisifia, na mimi hicho nitakila mpaka nimalize." Hutakuwa unamdanganya hata chembe. Mama anayeombwa kufundisha pishi la kwao na mkwe wa Kitabata ana habari ya kuwapigia simu dada zake wote, na habari hiyo itaifukuza ile ya ugonjwa haraka kuliko cheti chochote.

Tena ni Wakatoliki, kama nimeuelewa ukoo wa Kibosho. Kama ndivyo, mama yule anakijua vizuri chakula kisicho na nyama. Jumatano ya Majivu, Ijumaa Kuu na Ijumaa zote za Kwaresma amekipika miaka yote ya ndoa yake, na hakuna aliyeondoka mezani amevunjiwa heshima. Usimhubirie hilo. Lijue tu, likupe utulivu: humletei jambo geni, unamwomba alipike na siku nyingine.

Nikutajie na Kisutu. Pale katikati ya mji, mitaa ya mahekalu, na Upanga kote, wapo Wahindu ambao ukoo mzima haujagusa nyama kizazi baada ya kizazi. Tumefanya nao kazi, tumealikana nao harusini, na hakuna anayewauliza kama wamefulia. Tumeshawajua. Jambo likishajulikana na likabaki palepale, watu hulizunguka kama wanavyouzunguka mwembe ulioko katikati ya uwanja. Kinachokusumbua wewe ni kwamba bado hawajajua mti wako umesimama wapi, na dagaa wanawachanganya.

Kuhusu dagaa siwezi kukuambia uwaache, na sitaki uwaache, nitakueleza sababu. Ila kwa mwaka huu wa kwanza wa ukwe, ukiwa ugenini, uwe na mstari mmoja ambao mtoto wa darasa la pili anaweza kuusema: "Huyu hali nyama." Wasikuone leo unaonja mchuzi, kesho unakataa mchuzi. Dagaa wako wale kwa mama yako na kwako. Mtu akikukuta nao, usijitetee, sema tu, "Ndiyo, dagaa nakula, nyama sili." Hakuna aliyekushtaki kwa uongo. Ulichosema tangu mwanzo ni nyama.

Sababu yenyewe ni hii. Vitamini B12 huipati kwenye mchicha wala kwenye maharage. Iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Ikipungua mwilini huchukua muda mrefu kujionyesha, na ikijionyesha huja na upungufu wa damu, uchovu, ganzi mikononi na miguuni. Dagaa wako na yai lako la mara mojamoja ndivyo vinavyokushikilia hapo, na mara mojamoja ni kidogo kwa binti anayekwenda kuzaa. Wafanye dagaa wawe wa kila wiki, au mwombe daktari akupe vidonge vya B12. Dagaa unawala na mifupa yake, hivyo unapata na madini ya kujenga mifupa yako. Damu nayo: madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na kunde mwili huyachukua kwa shida kuliko yale ya nyama, lakini ukikamulia limau au ukala chungwa au embe na chakula hicho, huyachukua vizuri zaidi. Na chai ya rangi isiwe pamoja na chakula, iache mpaka saa moja ipite, kwa sababu inazuia chuma. Ukianza kufikiria mtoto, usisubiri mimba ionekane, nenda kliniki waeleze unavyokula, na uombe vidonge vya foliki asidi. Mwanamke anayejiandaa kubeba mimba anashauriwa mikrogramu 400 kila siku.

Nimeyasema haya kwa urefu kwa sababu mama mkwe atakuuliza mjukuu wake atajengwa na nini. Ni swali la haki. Ukimjibu kwa utulivu, "Mama, kwa kunde, maharage, dagaa, yai, na kliniki wanajua," ataona amepata mkwe anayejitunza.

Twende kwenye ndafu. Ndafu inakatwa, na vipande vinalishwa wakwe. Mkono wako unaweza kufanya yote hayo bila kinywa chako kushiriki. Kaa na mshereheshaji na matroni wiki mbili kabla, muwaeleze mpango: bibi harusi anakata, anamlisha baba mkwe, anamlisha mama mkwe, kwa magoti kama desturi inavyotaka, na ukumbi upige vigelegele. Wakati wa wao kukulisha wewe, mama mkwe awe na kipande cha keki mkononi. Muombe mwenyewe, mapema, wala usimshtukize jukwaani: "Mama, mimi nitakulisha ndafu, wewe utanilisha keki." Atakubali, ukishakuwa umeshapika naye jikoni. Mshereheshaji aonywe asifanye mzaha wowote kuhusu jambo hili kwenye kipaza sauti. Mwambieni waziwazi, maana wengine hutafuta kicheko popote.

Desemba ni nzito kidogo. Mbuzi akichinjwa uchaggani, kila kiungo kina mwenyewe, na kupewa fungu lako ni kuambiwa una kiti katika ukoo. Usilikatae fungu. Lipokee kwa mikono miwili, shukuru, halafu mpe mumeo au mpelekee bibi aliye mzee kuliko wote hapo nyumbani. Mgao ukishakuwa wako, ni haki yako kuugawa. Kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, wakikuletea, mumeo apokee bakuli. Yeye atakuwa ameshawaambia.

Kuhusu Vingunguti. Mwanangu, hapa nilisimama kusoma kwa muda. Mwambie mchumba wako. Mwambie habari ya malori na sauti za usiku, mkiwa wawili na hakuna haraka, kwa sababu anayekwenda kuishi na wewe hastahili kujua nusu ya sababu. Huenda hata lile "kula kipande kimoja" lilitoka kwa mtu anayedhani ni presha tu, na presha haivunjwi na kipande kimoja. Kwa mama mkwe, usiseme hilo kamwe mahali penye nyama mezani. Si uongo kunyamaza. Sababu ya presha ni ya kweli, nayo inamtosha mwenyeji. Huenda baada ya miaka, mkiwa mnachambua mchicha ninyi wawili uani, yeye mwenyewe akakusimulia jambo la utotoni mwake, na wewe ukamsimulia la kwako.

Kazini ni jambo dogo, usilibebe na haya mengine. Kama mnachanga ili kugawana sahani moja ya nyama, sema kabla ya kuondoka ofisini kwamba wewe unajiagizia chako na unalipia chako, vinywaji mtachanga sawa. Ijumaa nyingine panga wewe: wapeleke Coco Beach kwenye mihogo, hapo kila mtu anakula sawa na hakuna wa kuuliza nani amefulia. Na msibani kwenye pilau, pakua wali, nyama mpe mtoto aliyekaa karibu yako. Msibani watu wamekuja kulia, usilifanye jambo lako kuwa habari. Ule wali umepikwa kwenye supu, najua. Kama unaweza kuula au la, hilo ni lako na moyo wako.

Sasa fanya hivi. Mchumba aende Kimara wiki hii. Mwisho wa wiki mpigie wifi, yule aliyekuwa anatumwa kukuuliza, na safari hii muulize wewe: mama anapenda ndizi gani kwa kiburu? Jumamosi asubuhi pitia soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, nunua mkungu wa aina hiyo na kilo mbili za maharage. Beba kanga ya kujifunga. Fika mapema, kabla jiko halijawashwa.

Shangazi